Hesabu ya Ushirikiano: Je, Maumbile ni Vita Tupu?

Mwanafunzi wa kidato cha nne akiulizwa nadharia ya Darwin yasema nini, mara nyingi hujibu kwa maneno machache: viumbe hushindana, wenye nguvu husalia, wanyonge hutoweka. Jibu hilo hupewa alama zake, na somo huendelea. Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga, na kwa mwanafunzi huyo sayansi huonekana kana kwamba imekuja kuipigia mhuri methali hiyo. Lakini akitoka darasani hupita kando ya kichuguu ambamo mchwa maelfu kwa maelfu, wasiozaa kamwe, hufanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya uzao wa mama mmoja. Hupita pia chini ya mti wenye mzinga, ambamo nyuki hulinda asali kwa mwiba ambao, ukinasa katika ngozi ya mtu, humwua nyuki mwenyewe. Ni nadra kuulizwa swali ambalo lilipaswa kufuata: ikiwa kila kiumbe hupigania nafsi yake tu, viumbe hawa wamefikaje hapa walipo?

Swali hilo ni la zamani kama nadharia yenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 Charles Darwin alikiri kwamba wadudu wasiozaa walimpa taabu ya pekee, kiasi kwamba mwanzoni aliona wangeweza kuibomoa nadharia yake yote. Tabia hurithishwa kwa njia ya uzazi. Asiyezaa hana wa kumrithisha. Basi tabia ya kutozaa na kuwatumikia wengine imefikaje kizazi hata kizazi? Darwin alihisi kwamba jibu limo katika ukoo, wala si katika mdudu mmoja mmoja, lakini hakuwa na njia ya kulipima. Na ule msemo mashuhuri wa kusalia kwa wafaao zaidi haukutoka kwake. Uliandikwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akaukubali katika chapa ya tano ya kitabu chake, mwaka 1869. Afaaye, kwa maana ya Darwin, ni yule aliyeafikiana na mazingira yake akaacha wazao wengi. Si lazima awe na misuli. Katika safari ya kutoka kitabuni hadi ubaoni, neno "kufaa" limegeuka kuwa "nguvu".

Kosa hilo la neno moja lina historia isiyopendeza. Mwaka 1900, mataifa ya Ulaya yakiwa yamekwisha kugawana Afrika, Karl Pearson, profesa wa hisabati jijini London na mmoja wa waasisi wa elimu ya takwimu, alitoa hotuba akidai kwamba maendeleo hupatikana kwa mapambano ya taifa na taifa, na kwamba kuondolewa kwa watu aliowaita duni ni sehemu ya kanuni hiyo. Aliyanena hayo kwa jina la sayansi. Mwaka 1902 Mrusi Peter Kropotkin alichapisha kitabu chenye mwelekeo wa kinyume kabisa, akikusanya mifano ya wanyama wanaosaidiana, mingine ikiwa ni ile aliyoiona mwenyewe ujanani mwake kule Siberia. Pearson alikuwa bingwa wa hesabu, lakini dai lake halikuzaliwa na mlinganyo wowote. Kropotkin alikuwa na mifano tele, lakini mfano hauwezi kuukanusha mfano. Huyu akionyesha tembo wanaomlinda mtoto wa mwenzao, yule huonyesha simba dume anayeua watoto wa dume aliyemtangulia. Mabishano ya namna hiyo hayana mwisho. Yalianza kupata mwisho pale watu walipochukua kalamu na kuuliza: msaada huu unagharimu nini, unaleta faida gani, na faida hiyo inamwangukia nani?

Makala hii inashikilia kwamba maswali hayo matatu yanaweza kujibiwa katika darasa la sekondari, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne anaiweza, na kwamba kuyaacha ni kumpa mwanafunzi nusu tu ya nadharia, tena ile nusu iliyowahi kutumiwa dhidi ya babu zake.

Yapo malalamiko, na walimu wa biolojia wanayajua vizuri, kwamba wanafunzi wengine huchagua somo lao ili waikimbie hisabati. Kukimbia huko ni kwa bure. Mwaka 1908 wataalamu wa urithi walikuwa wakibishana ikiwa sifa tawala itaenea yenyewe mpaka iimeze sifa nyingine. Aliyekata shauri ni G. H. Hardy wa Cambridge, mwanahisabati safi ambaye baadaye alijivunia kwamba kazi zake hazina matumizi yoyote. Kwa barua fupi, na kwa hesabu isiyozidi jedwali la kuzidisha, alionyesha kwamba sifa haienei kwa sababu ya kuwa tawala. Pasipo uteuzi, uwiano wa jeni hubaki vile vile. Mjerumani Wilhelm Weinberg alikuwa amefika hapo hapo kwa njia yake mwaka ule ule. Maneno yalikuwa yamezunguka, kuzidisha kukayanyoosha.

Kwa upande wa ushirikiano, aliyeleta ufunguo ni William Hamilton, Mwingereza aliyezaliwa Cairo mwaka 1936. Alipokuwa akisomea shahada ya juu jijini London hakupata watu wengi wa kuzungumza nao juu ya wazo lake, na nyakati nyingine alikwenda kukaa katika stesheni ya reli ya Waterloo, akifanya kazi yake katikati ya wasafiri ili asiwe peke yake. Mwaka 1964 alichapisha makala mbili zenye hisabati nzito, ambazo wachache walizisoma wakati huo. Kiini chake, hata hivyo, huandikwa kwa herufi tatu. Jeni inayomfanya kiumbe amsaidie mwenzake itaenea ikiwa

u × f > g

ambapo g ni gharama anayolipa msaidizi, f ni faida anayopata msaidiwa, zote zikihesabiwa kwa idadi ya watoto wanaopungua au kuongezeka, na u ni kiwango cha udugu baina yao, yaani uwezekano kwamba jeni iliyo kwa mmoja imo pia kwa mwingine kwa kurithi kutoka kwa mzazi au babu wa pamoja.

Kiwango cha udugu hupatikana kwa kuhesabu hatua za uzazi, na kila hatua hukata nusu. Baina ya ndugu wa baba na mama mmoja ipo njia moja kupitia kwa baba, yenye hatua mbili, nayo hutoa ½ × ½ = ¼; ipo nyingine kupitia kwa mama, nayo hutoa ¼; jumla ni ½. Ndugu wa mzazi mmoja wana ¼. Binamu wana njia mbili zenye hatua nne kila moja, 1/16 na 1/16, jumla 1/8. Mwanafunzi anayeweza kuchora mti wa ukoo wake anaweza kuifanya hesabu hii, na mara nyingi huifanya kwa furaha kuliko ile ya mabomba yanayojaza tangi.

Achukuliwe ndege anayepiga ukelele kuwaonya wenzake kwamba mwewe anakuja. Ukelele humtambulisha yeye kwa mwewe, na tuseme kwa wastani humpotezea nafasi iliyo sawa na mtoto mmoja. Humwokolea mwenzake nafasi iliyo sawa na watoto watatu. Ikiwa wenzake ni ndugu wa baba na mama mmoja, ½ × 3 ni 1.5, nayo yazidi 1: tabia ya kupiga ukelele itaenea. Ikiwa ni ndugu wa mama mmoja lakini baba mbalimbali, ¼ × 3 ni 0.75: tabia itafifia. Ndege ni yule yule, mwewe ni yule yule. Kilichobadilika ni baba. Wala ndege hajui kuzidisha. Hesabu hufanywa na vizazi, kwa kuongeza jeni hizi na kupunguza zile, pasipo mtu yeyote kuazimia lolote.

Inasimuliwa kwamba J. B. S. Haldane, aliyeligusia wazo hili kabla ya Hamilton, alipoulizwa kama angekufa ili kumwokoa ndugu yake alijibu kwamba hapana, lakini kwa ajili ya ndugu wawili au binamu wanane angekubali. Mwanafunzi makini atamsahihisha. Ndugu wawili hurudisha mtaji tu. Biashara yenye faida yataka watatu.

Nyuki huonyesha jinsi hesabu inavyoweza kumpa mtu jibu zuri ambalo si jibu. Nyuki dume huzaliwa na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana seti moja tu ya kromosomu, na mabinti zake wote hupokea kwake kitu kile kile. Nyuki wafanyakazi wawili wa baba mmoja hulingana katika nusu yote ya baba, na katika nusu ya ile nusu ya mama: ½ + ¼ = ¾. Kila mmoja wao angekuwa na udugu wa ½ tu kwa binti yake mwenyewe. Kwa muda mrefu wengi waliona kwamba fumbo la Darwin limekwisha: nyuki hulea dada kwa kuwa dada yu karibu naye kuliko binti. Lakini malkia wa nyuki wa asali hujamiiana na madume wengi. Akiwa na madume n walio sawa, udugu wa wastani baina ya mabinti zake ni ¼ + 1/(2n). N ikiwa 10, jibu ni 0.3, chini ya nusu. Zaidi ya hayo, mchwa wa kike na wa kiume wote huzaliwa na seti mbili za kromosomu kama binadamu, hawana ile robo tatu, na bado vichuguu vimejaa watumishi wasiozaa.

Basi robo tatu haikuwa ufunguo wenyewe. Uchunguzi wa koo za nyuki, nyigu na siafu uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanzoni, tabia ya kutozaa ilipokuwa ikianza, majike wa koo hizo walikuwa na mume mmoja tu. Mama akiwa na mume mmoja, ndugu kwa wastani ana thamani ya ½, sawa kabisa na mtoto wa kuzaa, na hapo u hujifuta pande zote mbili. Hubaki f na g peke yake: je, katika kiota kilicho tayari, chenye chakula na ulinzi, mdudu anaweza kulea wadogo zake wengi kidogo kuliko watoto ambao angelea akiwa peke yake porini? Ziada ndogo tu yatosha. Wanaofundisha robo tatu kama ndiyo jibu zima hufundisha hesabu iliyo sahihi na hitimisho lisilo sahihi, jambo ambalo katika sayansi ni la hatari kuliko kukosea kuzidisha.

Kutokana na hoja za namna hiyo, katikati ya miaka ya 1970 mwanazuolojia wa Marekani, Richard Alexander, alikuwa akiwaeleza wasikilizaji wake mnyama ambaye yeye hakumjua: ikiwa patakuwapo mamalia anayeishi kama mchwa, alisema, atakuwa mguguna wa chini ya ardhi, katika udongo mgumu wa nchi kavu za joto, akila mizizi mikubwa. Msikilizaji mmoja akamwambia kwamba mnyama huyo yupo. Alikuwa ni fuko asiye na manyoya, anayepatikana Kenya, Ethiopia na Somalia. Jennifer Jarvis, aliyekuwa amewakusanya na kuwafuga fuko hao kutoka Kenya, alithibitisha mwaka 1981 kwamba katika kila kundi jike mmoja ndiye anayezaa na wengine humtumikia. Nadharia iliyokuwa ikijaribu kueleza wadudu ikamkuta mamalia katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Serengeti nako hesabu ilipimwa, tena kwa damu. Simba dume huungana ili kutwaa na kulinda kundi la majike. Mwaka 1991 Craig Packer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya DNA vya simba wa Serengeti na Ngorongoro. Vikundi vya madume wawili au watatu mara nyingi vilikuwa na wasio na udugu. Vikundi vya wanne au zaidi vilikuwa vya ndugu watupu. Sababu yake ni kwamba katika kikundi kikubwa madume wachache huzaa karibu watoto wote na waliobaki huambulia patupu. Kwa dume asiyezaa, malipo yaliyobaki ni u × f peke yake; u ikiwa sifuri hakuna f inayoweza kumlipa. Ndugu huweza kukubali nafasi hiyo. Mgeni huikataa, au haingii kabisa.

Msomaji huenda sasa anadhani kwamba pasipo damu hakuna msaada. Lakini kutoka kaskazini mwa Kenya hadi Msumbiji yuko ndege aitwaye mlembe, ambaye humwongoza mtu kwenye mzinga wa nyuki wa porini: mtu huvunja na kurina asali, ndege hupata nta na majana. Udugu baina ya ndege na mtu ni sifuri. Mwanasayansi wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walipima jambo hili miongoni mwa Waborana na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Mrina asali asiyeongozwa na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Aliyeongozwa alitumia saa 3.2. Hapa hakuna anayejitoa mhanga. Ndege hawezi kuvunja mti na mtu hawezi kuruka, na kila mmoja hulipwa papo hapo. Mkono mtupu haulambwi, na porini pia ni vivyo hivyo.

Ugumu uko pale ambapo malipo hayaji papo hapo. Leo huyu atoe, kesho yule atoe; na yule, akiisha kupokea, ana sababu gani ya kutoa? Robert Trivers alilileta swali hilo mbele ya wanabiolojia mwaka 1971. Wachukuliwe wawili wasio na udugu. Katika kila raundi kila mmoja huchagua kutoa au kuhini. Atoaye hulipa g, na mwenzake hupata f iliyo kubwa kuliko g. Wote wakitoa, kila mmoja hubaki na f − g. Wote wakihini, kila mmoja hubaki na sifuri. Lakini anayehini mbele ya anayetoa huondoka na f nzima. Raundi ikiwa moja tu, mwenzako afanye lolote lile, kuhini ndiko kunakolipa. Wote hufikiri hivyo na wote huambulia sifuri. Huu ndio mtanziko wa wafungwa, uliobuniwa Marekani mwaka 1950.

Sasa iongezwe herufi moja. Baada ya kila raundi upo uwezekano w kwamba wawili hao watakutana tena. Mmoja afuate kanuni nyepesi: raundi ya kwanza toa, kisha fanya kama mwenzako alivyofanya raundi iliyopita. Kanuni hiyo na iitwe Nipe Nikupe. Wafuasi wake wawili wakikutana, kila mmoja hupata (f − g) katika raundi ya kwanza, (f − g)w kwa wastani katika ya pili, (f − g)w² katika ya tatu, na kuendelea. Huo ni mfuatano wa jiometri, na jumla yake ni (f − g)/(1 − w). Mhini akikutana na mfuasi wa Nipe Nikupe hupata f mara moja, kisha hapati kitu tena. Kanuni ya kutoa itasimama imara ikiwa (f − g)/(1 − w) > f. Mwanafunzi na azidishe pande zote mbili kwa (1 − w), apunguze f, na hiki ndicho kitakachobaki mkononi mwake:

w × f > g

Na aitazame kwa makini. Ni kanuni ya Hamilton neno kwa neno, isipokuwa mahali pa udugu pamekaa uwezekano wa kukutana tena. Njia mbili tofauti kabisa, moja ya jeni na damu, nyingine ya mapatano ya wageni, zimefika mlango mmoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: wahenga nao walijua kwamba kujuana hupunguza ukali, hata kwa zimwi, ingawa hawakuliandika kwa herufi.

Mtaalamu wa sayansi ya siasa wa chuo kikuu nchini Marekani, Robert Axelrod, aliitisha mashindano ya kompyuta ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1980. Wataalamu walileta programu 14 za kucheza mtanziko huo mara nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ile ya Nipe Nikupe, iliyoletwa na Anatol Rapoport wa Toronto. Matokeo yakatangazwa, watu wakaambiwa wajaribu kuiangusha, na programu 62 zikaja kutoka nchi sita. Ikashinda tena. Mwaka 1981 Axelrod na Hamilton waliandika pamoja makala juu ya maana yake kwa mageuko ya viumbe. Jambo la kustaajabisha, ambalo mwalimu asiliache lipite, ni hili: Nipe Nikupe haiwezi kumzidi mpinzani yeyote katika mchezo wa wawili. Hulingana naye au huachwa nyuma kidogo. Ilitwaa ubingwa wa jumla bila kumfunga mtu hata mmoja, kwa kuwa wale waliofunga walikuwa wakiharibiana wao kwa wao.

Haikuwa na maana kwamba ndiyo kanuni bora kupita zote, kama baadhi ya waandishi walivyotangaza. Pakiwa na makosa, mmoja akahini kwa bahati mbaya, wafuasi wawili wa Nipe Nikupe huingia katika kulipizana kusikokwisha. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba hapo kanuni yenye kusamehe hushinda, na kwa alama zilizotumika katika mashindano yale ya Axelrod kipimo chake kizuri ni kusamehe mara 1 katika 3. Anayesamehe kila mara huliwa. Asiyesamehe kamwe hujila mwenyewe.

Je, wanyama hufuata hesabu hii? Hapa mwalimu mwaminifu hana budi kupunguza sauti. Mwaka 1977 Packer aliripoti kutoka Gombe kwamba nyani dume wawili huungana kumpokonya wa tatu jike, mwombaji wa msaada ndiye hupata jike, na wanaosaidia sana ndio wanaosaidiwa sana. Ulionekana kuwa mfano kamili wa Nipe Nikupe. Uchunguzi wa baadaye nchini Kenya uliona kwamba msaidizi naye mara nyingi hupata jike pale pale. Yaani huenda haikuwa deni la kesho bali bahati ya leo. Kisha mwaka 1995 Robert Heinsohn na Packer walipiga sauti za kanda za simba jike wageni karibu na makundi ya Serengeti na Ngorongoro. Baadhi ya majike walitangulia kwenda kumkabili mvamizi. Wengine walibaki nyuma, kila mara. Waliotangulia waligeuka na kuwatazama, wakaonyesha dalili zote za kuwatambua wazembe wao, na bado wakaenda mbele. Hawakuwahini siku nyingine. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema watu. Simba wa Serengeti hawakumpa mwenzao jembe. Kwa nini? Udugu wao ni sehemu ya jibu, na ukubwa wa f ya kulinda eneo huenda ni sehemu nyingine, lakini kitendawili hiki kingali kinawafaa vijana walio madarasani leo.

Wanahisabati wenyewe nao hugombana. Mwaka 2010 Nowak na wenzake wawili waliandika kwamba kanuni ya Hamilton haina kazi kubwa iliyodhaniwa, na mwaka uliofuata wanasayansi 137 wakatia sahihi barua moja ya kuwapinga. Hamilton hakuwapo kuisikia vita hiyo. Alifariki mwaka 2000 baada ya kurudi kutoka Kongo, alikokwenda kufuatilia chanzo cha UKIMWI na kuugua malaria.

Kwa sababu hizo zote, mwalimu anayepindua somo na kusema kwamba sayansi imethibitisha wema, kwamba maumbile hufundisha kuishi kijamaa, hufanya kosa la Pearson kwa nia njema. Yule mlembe, rafiki wa mrina asali, hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, na kinda lake huanguliwa kipofu likiwa na ndoana kwenye mdomo, ambayo kwayo huwachoma na kuwaua makinda ya mwenye nyumba. Ushirikiano na uuaji hukaa katika ndege mmoja, kila kimoja mahali ambapo hesabu yake imekubali. Binadamu hawana haja ya kumwomba ndege ruhusa ya kusaidiana, wala ruhusa ya kutosaidiana. Wanachoweza kuchukua kwake ni swali lenye manufaa zaidi: katika jambo hili, f ni ngapi, g ni ngapi, na nani atakutana na nani tena?

Somo lenyewe halitaki kompyuta. Lataka punje za mahindi, punje za maharage, dadu moja, na walimu wawili, wa biolojia na wa hisabati, watakaokubali kuingia darasa moja kwa kipindi kimoja; pengine hilo la mwisho ndilo gumu. Wanafunzi wakae wawili wawili. Kila raundi kila mmoja afiche punje kiganjani: hindi ni kutoa, haragwe ni kuhini. Atoaye hupoteza alama 1 na mwenzake hupata 3, kwa hiyo g/f ni ⅓. Baada ya kila raundi mwalimu atupe dadu. Siku ya kwanza mchezo uishe inapotokea sita tu, ili w iwe 5/6. Siku ya pili mchezo uendelee inapotokea sita tu, ili w iwe 1/6, na wenzi wabadilishwe. Mahindi na maharage yahesabiwe siku zote mbili na kuandikwa ubaoni kando ya kanuni.

Mwalimu asitangaze raundi ya mwisho. Akitaka kuonyesha kwa nini, siku ya tatu na aiweke dadu mfukoni na kuandika ubaoni kwamba raundi ni kumi. Maharage huelekea kujitokeza katika raundi ya kumi, kwa kuwa hakuna ya kumi na moja ya kuogopa. Na darasa likirudia mchezo huo huo baada ya kujua hivyo, huelekea kujitokeza katika ya tisa.